Virusi vya homa ya ini E na maumivu ya mabega

Umeuliza kama homa ya ini E inaweza kushika mishipa ya fahamu bila macho kuwa ya manjano. Ndiyo, na Ulaya ndiko inakoonekana zaidi, kwa jenotaipu ya 3 (aina moja ya virusi hivi kwa vinasaba vyake) inayotoka kwa nguruwe, hasa soseji za ini zisizoiva.

Dalili inayojulikana sana ni hii: maumivu makali ya ghafla mabegani, mara nyingi pande zote mbili, mtu halali usiku. Baada ya siku au wiki kadhaa mkono unalegea. Mwambie mgonjwa asukume ukuta kwa viganja; kombe la bega likichomoza kama bawa, msuli unaolishikilia umepoteza mshipa wake wa fahamu. Akikosa pumzi anapolala chali, mshipa wa fahamu wa kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) nao huenda umeguswa, hapo usingoje.

Kosa la kawaida ni kuona vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo tu na kupuuza. Omba IgM ya virusi hivi (kingamwili za mwanzo wa maambukizi) pamoja na PCR ya damu, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Aliyepandikizwa kiungo apimwe PCR hata IgM ikiwa hasi, maana kingamwili zake huchelewa au hazitokei kabisa. Kwake virusi vikidumu zaidi ya miezi 3, madaktari hupunguza kwanza dawa za kushusha kinga, kisha hutoa ribavirini, dawa ya kupambana na virusi, kwa kawaida wiki 12, huku wakipima hemoglobini (wingi wa damu) kwa sababu dawa hiyo huleta upungufu wa damu. Na mkojo upimwe protini. Figo nazo huweza kuumia.