Bi Shamba Anajibu: Nyigu Juu ya Embe Bovu

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Shamba. Nina miembe ya ngowe na apple hapa Magarini. Msimu huu maembe yananiangukia yakiwa na funza hata kabla hayajaiva vizuri. Juzi asubuhi nimemwona mdudu mwembamba, mwekundu wa kahawia, mwenye mkia mrefu sana, akitembea juu ya embe lililooza na kulidunga. Jirani yangu ananiambia huyo ndiye mharibifu, nimpulizie dawa upesi. Nimpulizie? Na kama si yeye, anatafuta nini kwenye embe bovu?
Mkulima, Magarini

JIBU: Waaleikum salaam, kaka. Tafadhali, hiyo pampu iweke chini kwanza.

Kwa ulivyomweleza, huyo ni nyigu, na anafanana kabisa na yule ambaye wataalamu humwita Diachasmimorpha longicaudata. Hicho ulichokiona si mkia. Ni mrija wa kutagia, na ni mrefu kuliko mwili wake mzima. Analitoboa embe, anamfikia funza wa nzi aliyejificha ndani na kumtagia yai. Yai likianguliwa, mtoto wa nyigu anamla yule funza kutoka ndani, taratibu. Funza atatoka kwenye embe, atajichimbia udongoni na kugeuka pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu kamili, kama kawaida yake, lakini atakayechomoza pale ni nyigu, si nzi.

Mharibifu wako ni nzi wa matunda, na kwetu Pwani mara nyingi ni Bactrocera dorsalis. Asili yake Asia. Hapa Kenya alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Nyigu wetu wa kienyeji walizoea nzi wa Kiafrika, kwa hiyo mgeni huyu aliwashinda: wakitaga ndani ya funza wake, chembe za damu ya funza huyazingira mayai yale na kuyaua. Ndiyo sababu ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, kikaleta kutoka Hawaii nyigu wa aina mbili wanaommudu nzi huyu. Mmoja ni huyo wako. Wa pili ni Fopius arisanus, anayetaga ndani ya yai la nzi kabla hata halijaanguliwa. Walizalishwa kwanza maabarani, kisha wakaachiliwa mashambani.

Sasa hilo swali lako la pili, ambalo nimelipenda zaidi. Funza yumo ndani ya nyama ya embe, haonekani, na hana harufu kubwa ya kumfichua kwa mbali. Nyigu naye hana haja ya kuanza na funza. Anaanza na embe.

Embe zima lina harufu yake ambayo kila mmoja wetu anaijua. Nzi akishalidunga na funza wakaanza kula, nyama inalainika, kuvu na hamira zinaingia, sukari inachacha. Hapo hewani zinatoka harufu nyingine kabisa: ya pombe, ya siki, na ya asetaldehaidi, ile harufu kali ya tunda lililopitiliza. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walimchunguza nyigu huyuhuyu kwa mapichi yaliyooza, wakakuta kinachomvuta ni harufu zinazotokana na kuvu, hata pale ambapo ndani ya tunda hamna funza hata mmoja. Kwake yeye, harufu ya uozo ni habari kwamba hapa huenda kuna riziki, basi inafaa ateremke aangalie.

Mambo haya hupimwa kwa mrija wa kioo wenye umbo la herufi Y. Mkono mmoja unapitishiwa hewa iliyotoka kwenye tunda lenye funza, wa pili hewa tupu au hewa ya tunda zima. Nyigu anawekwa kwenye shina la Y, anapanda, na pale penye njia panda anachagua. Wanarudia na nyigu wengi, mmoja mmoja, ndipo wanajua ni harufu gani inayowavuta.

Lakini harufu inamfikisha kwenye embe tu, haimwonyeshi funza amekaa wapi. Kwa hiyo akishatua anabadili mbinu. Siku ukipata nafasi chuchumaa karibu na embe lililoanguka, bila kulitia kivuli, umtazame. Anatembea akigongagonga ganda kwa papasi zake mbili, mbele, kando, tena mbele. Ghafla anasimama kimya. Hapo anasikiliza kwa miguu, maana funza akitafuna na kujisogeza, mtikisiko wake hupenya mpaka kwenye ganda. Akiridhika anainua tumbo juu, anashusha mrija wima, na kuuzamisha. Mimi nimemwona nyigu akilitoboa embe mahali pamoja, akachomoa, akasogea kidogo tu, akatoboa tena.

Fopius hawezi kungoja uozo, kwa kuwa yai la nzi huanguliwa baada ya siku mbili hivi. Yeye hufuata harufu ya matunda yanayoiva yakiwa bado mtini, kisha hupapasa ganda akitafuta dalili nzi alizoziacha alipotaga.

Tena si maembe peke yake. Mwaka 1997 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Kenya waliandika kwamba nyasi ya molasi ikipandwa katikati ya mahindi hutoa harufu inayowaita nyigu wanaoua viwavi wa mabua.

Basi ufanye nini, kaka? Kwanza nikueleze wazi: nyigu halikomboi embe lililokwisha kuingiwa na funza. Hilo limekwenda. Anachofanya ni kupunguza nzi watakaoshambulia maembe yanayofuata, na ukimpulizia dawa mwembe mzima unamuua yeye huku funza aliyemo ndani ya embe akisalimika. Kama lazima upambane na nzi waliokomaa, tumia chambo cha protini chenye dawa, upake sehemu ndogo ya majani ya kila mti, usiguse matunda.

Pili, maembe yaliyoanguka yaokote yote, usiyaache chini. Wengi tumefundishwa kuyafukia, na kufukia kwa kina kunasaidia kweli, ila unawazika nyigu pamoja na nzi. Mimi napendelea hema la wavu. Linafungwa pande zote, kingo zake zinafukiwa, na maembe mabovu yanatupwa ndani. Juu linawekwa kipande cha wavu wenye matundu ambayo nyigu anapenya na nzi, kwa kuwa ana mwili mkubwa zaidi, hapenyi. Nzi wanafia mle, nyigu wanarudi miembeni. Usinunue wavu wowote tu dukani kwa kukisia, kwani tundu likizidi kidogo nzi wanatoka pia. Nenda kwa afisa wa kilimo wa wadi yako akuelekeze.

SWALI: Bi Shamba, hao nyigu wanaosifiwa wanauma? Wajukuu wangu wanashinda chini ya miembe.
Bibi wa Kaloleni

JIBU: Shikamoo, bibi. Waache wacheze. Hawa si wale nyigu wanaojenga viota darini. Hawana kiota cha kulinda, hawamfukuzi mtu, na ule mrija kazi yake ni kutaga mayai.

SWALI: Miembe yangu imejaa majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Nasikia nao wanafukuza nzi wa matunda. Je, hawatawala nyigu?
Kijana wa Msambweni

JIBU: Umeuliza jambo zito, mdogo wangu. Ni kweli majimoto wanafukuza nzi, na si kwa kuuma tu: nzi akikuta harufu walizoziacha juu ya embe husita kutaga. Ila hawachagui. Fopius anayetembea juu ya embe akitafuta mayai naye wanamsumbua na kumkatiza kazi, hivyo kwenye mti wao usitegemee nyigu wengi. Kwangu mimi, miembe iliyokwisha kuwa na majimoto ningeiacha mikononi mwao, nisiwaue. Ile isiyo nao ningewaachia nyigu, na hema la wavu ningeliweka upande huo, mbali na matawi ya miti yenye viota, nguzo zake nikizipaka grisi ili majimoto wasipande.