Njama, komplisi na tantativu: musivichanganye mu egzameni ya barro

Bandugu munaojiandalia egzameni ya barro (ya kuingia mu kazi ya avoka) hapa Bukavu, munisikilize kidogo. Maître mwenye alikuwa anatufundisha alitupatia swali hii: vijana wane wanakutana kila juma mu nyumba moja ya Kadutu, wako na kiongozi, mmoja analinda kona, mapanga na tochi ziko chini ya kitanda, wanapanga kuingilia manyumba usiku, polisi inawakamata mbele hawajaenda popote. Mimi nikaandika: hawajaiba, hawajaanza hata kutekeleza, basi hakuna tantativu (kujaribu kosa), waachiliwe. Maître akapiga mustari mwekundu chini ya neno tantativu, pembeni akaandika tu: 156.

Ile artikli 156 ya Kode Penale, sheria yetu ya makosa hapa Kongo, njo inahusu association de malfaiteurs, kundi la wahalifu. Inasema kundi lenye limeundwa kwa lengo la kushambulia watu ao mali yao ni kosa, na kosa iko tayari kwa sababu tu bande, ni kusema lile kundi, imejipanga. Wizi haungojewi. Kwa hiyo mu casus, ile hadisi ya swali, mutafute mpangilio: nani anaamuru, kazi zimegawanywa aje, vyombo viko wapi, lengo ni gani.

Sasa wawili wakutane tu Nyawera, waone mama na telefone, wapokonye, wakimbie: hapo bande iko wapi? Ni wizi, wote wawili ni ba coauteurs (wametenda kosa pamoja), artikli 21. Mwenye aliwasaidia, uliza kama bila ule msaada kosa ingewezekana. Kama ingewezekana, ni komplisi, artikli 22, na adhabu yake kwa kawaida haipite nusu ya ile angepata kama njo yeye mwenyewe alitenda. Lakini komplisi anahitaji kosa yenye imefanyika ao imejaribiwa, bande haihitaji.

Na musichukue manoti ya Marekani mu intaneti mukatafsiri. Kule, mu kosa ya njama (conspiracy), mapatano ya watu wawili njo kiini, na sheria yao ya federali, section 371, inataka tena mmoja afanye tendo fulani. Kwetu ni bande.

Naomba muchunge sana hapa, kwa sababu mu artikli 156 mpaka 158 adhabu ni kifo, na tangu mwezi wa tatu 2024 serikali iliondoa ile moratoire ya tangu 2003, yenye ilikuwa imesimamisha kuua wenye walihukumiwa kifo. Kijana mwenye alibeba tu mufuko siku moja, ukimuandika memba wa bande bila kuonyesha alijua na alikubali, umemutia mu hatari ya kufa kwa mustari mbili za karatasi. Ile sehemu ya "alijua" muiandike kila mara, hata kama swali haiiulize.