Taja jina baadaye: kwa vijana mnaoanza kuongoza wageni wanaokuja Amani kutazama ndege

Wadogo zangu, msimu huu nimetembea nyuma ya makundi yenu nikijifanya nafunga kamba za buti, na nimesikia mengi. Kijana mmoja, jina namfichia, alitaja ndege saba kabla mgeni hajatoa darubini kwenye begi. Saba! Ukungu ulikuwa umekalia miti kiasi kwamba mimi sikuona hata tawi walilotua. Mgeni akaandika wote. Nikaumwa tumbo kwa niaba yake.

Basi nimeona niyaweke kwa namba, labda mtayasoma.

1. Masikio kwanza. Msitu wetu wa Amani, huku Usambara Mashariki, mnaujua: unaanza chini Zigi kwenye mita 190 hivi, unapanda hadi kupita 1,100, na upepo wa bahari ukigonga milima hii unageuka wingu linalolala juu ya vichwa vyetu hadi saa nne asubuhi. Kwa macho hutafika mbali. Masika, wageni wakiwa hawapo na barabara ya Muheza imegeuka uji, ndiyo nafasi ya kukaa msituni peke yako na kusikiliza. Tena anza na wale wa kila siku. Mnakimbilia sauti za ndege adimu, shorewanda wa kijani wanaolia kutwa nzima hamuwajui. Anayejua sauti ya chozi wa Amani, kale kandege kanakonyonya maua, lakini hajui ya chozi wa rangi ya zeituni, basi hata ya chozi wa Amani haijui.

2. Saa. Wageni huelekezana kwa uso wa saa: juu ya mti ni 12, kulia ni 3, kushoto ni 9. Sasa ndege yuko kulia, mshale uko kwenye 3, kichwani mwa kijana wetu hiyo ni saa tisa, anatamka tisa kwa Kiingereza, na watu wazima sita wanageuka kushoto kwa pamoja. Nimeshuhudia. Sahau saa ya nyumbani, soma namba iliyoandikwa. Au tumia njia yangu: shina jeupe, pandisha macho hadi panda ya pili, fuata tawi lenye kuvu.

3. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa naomba msicheke.

Nilikuwa nimeanza kazi, cheti bado kinanukia wino. Nikapewa mama mmoja wa makamo kutoka Uingereza, mpole, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Hakutaka ndege wengi. Alitaka wachache, na wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa chozi wa Amani. Mnamjua ndege huyu: anapatikana huku kwetu Usambara Mashariki, Udzungwa, na kule Kenya kwenye misitu ya Shimba Hills na Arabuko-Sokoke. Mtu aliyetoka Ulaya akamkosa hapa, hatamkuta njiani akirudi.

Siku ya kwanza, mvua. Ya pili, ukungu. Siku ya mwisho nilikuwa nimeshaanza kutembea kama mtu anayedaiwa. Ndipo ukungu ukapasuka kidogo, kundi la ndege mchanganyiko likapita juu kabisa, na ndani yake kandege kadogo, mdomo umepinda, kamesimama mbele ya anga jeupe. Mnajua mwanga wa namna ile unavyofanya: hata kasuku angeonekana mweusi. Tumbo sikuliona. Nasema tena, tumbo sikuliona, na nilijua sijaliona. Lakini mdomo wangu ulishatangulia: “Chozi wa Amani, jike!”

Mama akapiga picha mbili tatu. Akanishika mkono kwa furaha. Dereva akaninyanyulia kidole gumba. Mchana nikala wali kwa maharage nikijiona mtu.

Jioni akaja mezani na kamera. Akaikuza ile picha, akaiongeza mwanga kidogo kidogo, na tumbo likajitokeza. Njano. Mgongo kijani. Jike wa chozi wa Amani ana mgongo wa kijivu na tumbo lililopauka. Yule alikuwa chozi mwenye kola, ndege wa kila kichaka, ambaye yeye mwenyewe alishamwona nchi nne kabla ya kufika kwetu. Hakunigombeza. Alifungua kitabu kwenye ukurasa wenyewe, akakiweka kando ya kamera, akavigeuza vyote viwili upande wangu. Kisha akachukua penseli na kulikata lile jina daftarini kwa mstari ulionyooka.

Mngedhani yakaishia hapo. Alirudi nyuma kurasa mbili na kuanza kuweka alama za kuuliza. Kurumbiza wa kichwa cha kijani, niliyemwonyesha vizuri kabisa, akapata alama. Tai mla-nyoka, alama. Kibundi wa Sokoke, ambaye nilimtafuta hadi magoti yakachubuka, naye alama! Nikaanza kujitetea, nikiapa kuwa hao walikuwa wa kweli. Akaniambia taratibu kwamba huenda ni kweli, ila sasa hana namna ya kujua yupi ni yupi. Nilikosa jibu. Bakshishi alitoa, tena ya kutosha, na sikuila kwa raha.

Siku zote nimejiuliza kwa nini nilisema vile, na sidhani nilitaka kudanganya. Niliogopa kile kimya cha mgeni aliyelipa hela nyingi akisubiri uongee. Mdomo ukaponza kichwa. Siku hizi nasema hivi: “Chozi, jike, aina sijaiona, tusubiri ageuke.” Nusu ya safari ndege hageuki. Mgeni anaandika “chozi” tu na maisha yanaendelea. Wageni wa ndege hawa wameshazoea kukosa, kukosa ndiko kunakowarudisha.

Na wewe uliyetaja saba, ukisoma hapa, njoo tunywe chai. Sina hasira.

4. Kumpigia ndege sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu ili ajitokeze. Mara moja, mbili, ndege akijibu zima. Wakati wa kutaga usipige kabisa. Yule mdomo-mrefu wa Moreau, kandege adimu ka vichakani, anajulikana hapa kwetu na kwenye milima ya Njesi kule Msumbiji tu, sasa ukimchosha wa kwetu kwa spika utamleta nani?

5. Siafu. Mgeni akipiga kelele kwamba ameumwa, mhurumie, mtoe, kisha angalia chini. Pale safu ya siafu inapofukuza wadudu kwenye majani, ndege wa chini ya msitu wanasubiri pembeni kujilia. Saa nzima ya kutembea haizai unachokiona hapo kwa dakika kumi. Soksi ndefu juu ya suruali, na usisimame kwenye msafara wenyewe kama mlinzi wa benki.

6. Waulize wapishi, wakata majani ya chai, kina mama wa kuni. Mnaona aibu kwa sababu mna vyeti. Kwale wa Udzungwa aliingia kwenye sayansi baada ya watafiti, mwaka 1991, kuona miguu wasiyoielewa ndani ya chungu cha kitoweo kambini. Maelezo rasmi yakachapishwa 1994. Maana yake aliyekuwa akimtega alikuwa anamjua siku nyingi na hakuna aliyemuuliza. Hapa kwetu wa kuuliza ni wale wa mashamba ya chai, maana mdomo-mrefu anapenda mimea inayotambaa juu ya miti na pembezoni mwa msitu, na wao wanapita hapo kila alfajiri. Pia muwaulize kuhusu Juni hadi Agosti: baridi ikikaza, baadhi ya ndege wa juu hushuka, na ninyi mnaendelea kupandisha wageni wazee mlimani kuwatafuta.

Koti la mvua linalochakarisha liache nyumbani, beba mwavuli. Kipande cha kanga kikavu kwa ajili ya lenzi. Kwa taa ya leza usimmulike ndege, mulika tawi la chini yake.

7. Usiku. Bundi wa Usambara alipewa jina 1908 kwa heshima ya Vosseler, aliyekuwa mtaalamu wa wadudu kwenye kituo cha Wajerumani hapahapa Amani. Orodha nyingine zinamhesabu aina kamili, nyingine zinamweka chini ya bundi wa Afrika Magharibi, na wageni wawili wenye orodha tofauti wanaweza kubishana chini ya mti hadi bundi ahame. Usiingilie. Lako ni betri za akiba, tochi yenye mwanga mwekundu, na zaidi ya yote kumpigia simu askari wa hifadhi kabla jua halijazama, kumwambia mko wangapi na mnapita njia gani. Msitu huu umewahi kuvamiwa na wachimba dhahabu na wapasua mbao, kwa hiyo taa zinazotembea usiku hazimkumbushi mtu yeyote utalii. Usipopiga, bundi utamwonyesha mgeni wako mkiwa wote mmechuchumaa, mikono kichwani.