Mbwa aina ya Malinois kwenye nyumba yenye watoto wadogo?
Ndugu, nimekuelewa: upo Tabata, ua mdogo, watoto wawili hawajaanza shule, na unataka Malinois kwa sababu umemwona wa polisi akitii kila amri. Mimi nasema usimchukue. Yule wa polisi ana askari wake anayeshinda naye. Wa kwako utamfungia bandani asubuhi, urudi usiku umechoka; atatafuna mlango, atabweka mpaka jirani aje kugonga, na watoto wakikimbia atawafukuza na kuwang'ata visigino. Si ukali huo, ni silika ya kuchunga kondoo, kazi aliyozalishiwa huko Ubelgiji.

German Shepherd ana afadhali, ila naye anataka matembezi kila siku, na nyonga zao husumbua. Omba uwaone wazazi wake wakitembea kabla hujalipa. Ningekuwa wewe ningelea mbwa wetu wa kienyeji tangu mdogo: joto analimudu, hana makuu ya chakula, na mgeni akifika getini utajua tu.

Yeyote utakayemchukua, achanjwe kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.