Swift Sport ya turbo au isiyo na turbo? Ushauri kwa anayeishi Nairobi

Vijana wengi wanaotaka gari dogo lenye mbio, bila kuingia kwenye gharama za Subaru, huniuliza swali hili: nichukue Suzuki Swift Sport ya zamani, ile ya injini ya 1.6 isiyo na turbo, au hii ya 1.4 yenye turbo? Ya kwanza niliimiliki kwa miaka kadhaa, na ya pili ndiyo ninayoendesha sasa. Kwa mkazi wa Nairobi, jibu langu ni turbo, mradi muuzaji aweze kukuonyesha jinsi oili ilivyokuwa ikibadilishwa. Asipoweza, chukua isiyo na turbo.

Ukitazama takwimu za kiwandani utaona magari haya mawili yanakaribiana sana. Ile ya zamani, yenye namba ya modeli ZC32S, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2011, ina nguvu farasi 136. Ya turbo, ZC33S iliyozinduliwa Septemba 2017, ina 140. Mtu akiishia hapo, na amesikia kwamba turbo ikifa inakula pesa nyingi, ataona ya zamani ndiyo yenye busara. Lakini takwimu hizo ni za hewa ya usawa wa bahari, nasi hatuishi Likoni.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na kila mara pistoni inaposhuka kuvuta hewa, oksijeni inayoingia kwenye silinda ni pungufu kwa asilimia 15 hadi 18 ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na turbo haina namna ya kulifidia pengo hilo. Oksijeni ikipungua, petroli inayoweza kuchomwa nayo hupungua, na nguvu hupungua karibu kwa kiwango hichohicho. Wale farasi 136 wakifika Westlands wamebaki kama 115. Panda hadi Limuru, penye zaidi ya mita 2,200, na kama mmoja kwa kila watano ameondoka. Injini haina ugonjwa wowote. Nimewahi kumsikia mtu akibadilisha plagi, filta ya hewa na hata pampu ya mafuta kwa sababu gari lake "limekuwa zito" tangu ahamie Tigoni kutoka pwani, na baada ya gharama zote hizo gari likabaki vilevile.

Turbo hupambana na hali hii moja kwa moja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na upande wa pili wa shafti hiyohiyo gurudumu jingine linashindilia hewa kuelekea kwenye silinda. Kompyuta ya injini hupima presha ya hewa inayoingia, na inapoona hewa ya nje ni hafifu huliacha turbo lizunguke kwa kasi zaidi hadi presha inayotakiwa ipatikane. Ndiyo maana sehemu kubwa ya zile nguvu farasi 140 hubaki nazo hata ukiwa Limuru. Hazibaki zote, kwa sababu hewa inaposhindiliwa zaidi hupata joto zaidi na intakula, kile kifaa cha kuipoza, ina mipaka yake, lakini pengo lile la farasi wanne kwenye karatasi linakuwa zaidi ya ishirini barabarani.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko hata hizo nguvu farasi: msukumo (torque), unaopimwa kwa Nm. Injini ya 1.6 hutoa Nm 160, na huzitoa ikifika mizunguko 4,400 kwa dakika. Ya turbo hutoa Nm 230 kuanzia mizunguko 2,500. Halafu gari lenyewe ni jepesi kuliko lililolitangulia. Lenye gia za mkono lina kilo 970 tu. Chukua mlima wa kutoka Uthiru kwenda Kikuyu na Rironi, mko watu wanne ndani na mizigo nyuma. Kwenye 1.6 nilikuwa narudi gia ya tatu, wakati mwingine ya pili nikikuta lori mbele, mshale unapita 5,000, injini inalia, na bado kupita lile lori ni jambo la kupiga hesabu kwanza. Kwenye 1.4 nabaki gia ya nne, naongeza mafuta kidogo, na gari linapanda kana kwamba barabara ni tambarare. Kulipita lori kunachukua muda mfupi zaidi upande wa gari linalokuja, na hiyo ni faida ya usalama.

Wa pwani jibu lao ni tofauti, na nalisema kwa moyo wote kwa sababu ile 1.6 niliipenda. Ukishuka na Barabara ya Mombasa, ukishapita Mtito Andei unaanza kuhisi gari likiamka. Ukifika Voi limechangamka, na Mazeras utadhani mtu ameifanyia injini kazi usiku. Kilele cha nguvu zake kiko kwenye mizunguko 6,900, na safari ya kupanda hadi huko haina kusitasita: unakanyaga, inaitika papo hapo, sauti inabadilika polepole hadi inakuwa ya mashindano. Turbo haikupi hivyo. Anayeishi Nyali au Malindi ana kila sababu ya kuitafuta 1.6. Nairobi sauti ile utaipata, lakini mwendo wake utakuwa haupo. Tena ni wapi utaifikisha injini mizunguko 6,900? Expressway kikomo ni kilomita 80 kwa saa, Barabara ya Ngong ina foleni, na mitaani ni matuta. Labda siku ya magari pale uwanja wa mbio wa Whistling Morans.

Turbo nalo lina udhaifu wake hapa mjini. Kabla halijashika kasi, unaendesha injini ndogo ya 1.4 kwenye hewa nyepesi, na inahisi hivyo hasa. Ukitoka kwenye tuta ukiwa gia ya tatu na mizunguko iko chini ya 1,800, gari linasitasita, halafu ghafla linaruka. Dawa ni kurudi gia ya pili mapema. Baada ya wiki mguu na mkono vinazoea.

Sasa oili, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapookolewa au kupotea. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa, ikipungua, au ikiganda kuwa masizi ndani ya njia yake nyembamba, shafti inaanza kugusa mahali isipotakiwa kugusa. Injini isiyo na turbo inaweza kumvumilia mwenye gari aliyechelewesha sevisi kwa kilomita elfu kadhaa. Turbo halisamehe. Mimi hubadilisha oili kila kilomita 5,000, ya sinthetiki kamili, na filta pamoja nayo. Foleni za Nairobi zinaichosha oili hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo kilomita kwenye dashibodi hazisemi ukweli wote wa saa ambazo injini imefanya kazi.

Unapokwenda kulitazama gari, mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti; likiwa la moto, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili na utazame chini yake kwa tochi. Rangi ya kahawia inayong'aa ni sawa. Ukikuta utando mzito mweusi kama lami, funga kifuniko, shukuru, ondoka. Washa injini huku rafiki yako amesimama nyuma ya ekzosi, uliache gari lingurume dakika chache, kisha ukanyage ghafla: moshi wa buluu hapo unamaanisha oili inapita kwenye sili za turbo au kwenye injini yenyewe, na zote mbili ni gharama.

Baada ya hapo, mlipe fundi wako mwenyewe, si wa yadi, afungue hozi ya hewa inayoingia kwenye turbo. Ashike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kuchezacheza kidogo sana kwenda kando ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma kusihisike kabisa, na mapanga yasiwe na alama za kukwaruza ukuta. Oili kidogo iliyopaka ndani ya hozi isikutishe. Iliyotuama ndiyo mbaya. Kazi hii haimchukui fundi mzuri muda mrefu. Niliwahi kupelekwa kwenye yadi moja kuona Swift nyekundu iliyong'arishwa ikang'aa, bei nzuri, viti kama vipya, na shafti yake ilikuwa inakwenda mbele na nyuma kama mlango uliolegea. Muuzaji alisema zote ziko hivyo.

Barabarani, chagua mlima. Dashibodi ya ZC33S ina kipimo cha presha ya turbo. Kitazame mshale wake unapokanyaga kwenye gia ya tatu. Unatakiwa kupanda bila kuyumbayumba. Ukisikia mluzi mkali unaoongezeka na kasi, kama wa king'ora cha mbali, kuna hewa inayovuja au beringi inayokufa.

Jihadhari na gari lililoongezewa nguvu kwa kubadilisha programu ya injini. Huku juu turbo tayari linazunguka kwa kasi kuliko linavyozunguka pwani, na anayelidai zaidi anakula akiba ya usalama iliyobaki. Mimi silinunui hata kwa punguzo.

Kuhusu kuagiza, uamuzi umeshafanywa kwa ajili yako. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo ile 1.6 utaipata tu kwa aliyekwisha kuitumia hapa nchini. Ya 1.4, iwe na umri unaokubalika, inaweza kuja kutoka Japani na karatasi yake ya mnada. Linganisha kilomita za kwenye karatasi hiyo na za dashibodi. Tena injini yake haifiki cc 1500, kwa hiyo iko kwenye daraja la chini la ushuru wa bidhaa, huku 1.6 ingeangukia linalofuata juu yake.

Petroli isikusumbue sana. Ukiiendesha kwa upole turbo inakula kidogo, ukiikamua inakula sana. Kuna tofauti moja ya matunzo: ya 1.4 hunyunyizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na petroli na masizi hujikusanya juu yake kadiri miaka inavyokwenda. Ya 1.6 haina shida hiyo. Uliza kama zimewahi kusafishwa.

Ukishanunua ya turbo, tenga pesa za sevisi ya kwanza kabla hujawaza rimu: oili, filta zote, plagi, na ukaguzi wa hozi za hewa, kwa sababu mpira uliochoka hupasuka presha inapopanda. Na ukitoka kupanda kwa nguvu, mathalani umefika Limuru na unaegesha ununue mahindi, usizime hapohapo. Liache lingurume dakika moja, oili ipite na kuondoa joto kwenye shafti, ndipo uzime.