Widali 1:160 na sipro mkononi? Usimeze kwanza

Mkuu, weka hiyo sipro (antibiotiki ya siprofloksasini) chini. Homa siku ya sita, zahanati ya hapo Ngaramtoni wamekupima Widali ya matone, kile kipimo cha damu cha taifodi, imesoma 1:160, na sasa unauliza kuhusu chanjo na kusafisha tangi. Tangi halikimbii.

Widali haimwoni bakteria, inaona kingamwili. Hizo hubaki miezi baada ya kupona, na salmonela wengine wasio wa taifodi huzipandisha, hata malaria. Pima abiria wa Kosta ya Moshi pamoja na konda wao, uone wangapi watashuka na "taifodi". Waliotuzoesha vipimo vya "malaria na taifodi" kwa mkupuo wanalijua hilo. Kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa ya maabara ili bakteria waliomo wakue na waonekane, hawawezi, Widali ni rahisi, na mgonjwa hapendi kuondoka bila jina la ugonjwa. Mnisamehe, ila hili linanikera.

Kinachoharibu ni dozi ya kwanza. Kwenye damu ya mwenye taifodi, mara nyingi hata bakteria mmoja kwa mililita humpati. Ukishameza, mara nyingi hao wachache hawaoti tena. Jibu linakuja "hakuna kilichoota", na hakuna atakayejua unaumwa nini wala dawa ipi inamuua mdudu wako. Na sipro siku hizi inagonga mwamba sana.

Kwa hiyo DAMU KWANZA, DAWA BAADAYE. Nenda leo hospitali yenye maabara ya kuotesha. Mtu mzima ni mililita 8 hadi 10 kwa chupa, mtoto 2 hadi 4. Spiriti iachwe ikauke yenyewe, na wasikuvute damu kwenye kanula ya zamani (ile sindano ya dripu iliyokwishakaa mkononi). Chupa isiwekwe friji, maana baridi inawadhoofisha wadudu. Majibu ni siku 2 hadi 7, na hata hapo kipimo hukosa karibu wagonjwa 4 kati ya 10. Damu ikishatoka, daktari anaweza kukuanzishia dawa papo hapo. Tumbo likikaza, ukichanganyikiwa au ukipata choo cha damu, hapo ni kulazwa.

Na hayo maziwa mabichi uliyoyataja juu juu, mwambie daktari. Mwaka 2007 na 2008, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa na homa KCMC na Mawenzi, hospitali za Moshi, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria; waliokuwa nayo kweli ni 14. Wengine walikutwa na leptospira, bruselosi au homa ya Q, magonjwa yatokayo kwa wanyama, ndiyo maana nayataja maziwa.

Ukifika, karatasi ya Widali usiitangulize mezani. Taja siku za homa, halafu sema hujameza kidonge.