Kidato cha Kwanza kimenyamaza: tuanze wapi?

SWALI: Nafundisha Baiolojia Kidato cha Kwanza katika shule ya sekondari ya kata. Darasa lina wanafunzi 68. Nikiuliza swali, mikono ni ileile minne au mitano. Anayekosea anachekwa, hasa akivunja Kiingereza. Mkuu wa shule anataka tujenge utamaduni wa kutiana moyo. Tumebandika maneno ukutani, tumewapa kumi bora madaftari na kalamu, lakini hali haijabadilika. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, mtoto hujifunza utamaduni wa shule kwa kuangalia kinachompata mwenzake akikosea. Anzieni hapo. Chora mpangilio wa madawati kwenye karatasi, umwombe mwalimu mwenzako akae nyuma vipindi viwili. Aweke alama kwenye nafasi ya kila mwanafunzi aliyezungumza, na pembeni aandike maneno yako ya kwanza baada ya kila jibu lisilo sahihi. Mara nyingi yatakuwa "Hapana, mwingine?" Aliyesimama anasikia kwamba amefutwa, na kicheko kinapata nafasi wakati huohuo, kwa kuwa macho yako yameshahamia kwa mwingine.

Baki na jibu hilo. Tuseme mnasoma uainishaji wa viumbe, na mwanafunzi anasema popo ni ndege. Mwambie: "Umetazama mabawa, na kweli anayo. Nani atuongezee: popo anataga au anazaa?" Darasa likishasema anazaa na kunyonyesha, rudi kwa yule wa kwanza: basi tumweke kundi gani? Akae akiwa amejibu mwenyewe kwamba ni mamalia. Inachukua kama dakika moja na nusu. Hata yale makofi ya kilo, mpigieni huyu aliyerekebisha, maana aliyepata mara ya kwanza huyazoea mapema.

Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja hivi, na kwamba wakifikisha tatu majibu hurefuka na wanaoshindwa kujibu hupungua. Wanafunzi wako wametoka Darasa la Saba wakisoma kwa Kiswahili. Wanatafuta jibu, kisha wanatafuta lugha ya kulisemea. Wape sekunde tano. Kwa maswali magumu, waache wajadili wawili wawili kwa Kiswahili kwa dakika moja palepale kwenye dawati, kisha mmoja aseme kwa Kiingereza akianza na sentensi uliyoianzisha ubaoni. Sentensi nne za namna hiyo kwenye manila moja zinatosha muhula mzima. Na kama kwenu bado kuna kibao cha kumvisha shingoni anayezungumza Kiswahili, kiondoeni. Kazi yake kubwa ni kuwafundisha watoto kuvizia midomo ya wenzao.

Kicheko kikitokea, simama, watazame waliocheka, sema "Tunamsubiri mwenzetu," uendelee. Usihutubie dakika kumi katika kipindi cha dakika 40. Usiadhibu darasa zima pia: wakati wa mapumziko watamwandama yule aliyekosea, kwa kuwa kwao yeye ndiye chanzo cha adhabu.

Kuna jambo jingine ambalo shule nyingi hazilioni kabisa, nalo ni orodha ya wapiga kelele. Monita anaachiwa darasa na kalamu. Rafiki zake hawaandikwi, aliyegombana naye jana anaandikwa, na mwingine anafutwa jina kwa kutoa andazi. Mwalimu wa zamu akija, anachapa kwa kufuata karatasi. Hapo hakuna maneno ya ukutani yatakayoaminiwa. Mpeni monita kazi isiyomfanya mpelelezi: agawe maswali matatu yaliyoachwa na mwalimu wa somo, akusanye madaftari, aripoti kazi imefika wapi.

Kuhusu fimbo, kanuni za Tanzania ziko wazi: ni kwa kosa kubwa la nidhamu, kwa uamuzi wa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi viboko vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Jibu lisilo sahihi halimo. Mwalimu anayechapa kwa alama za jaribio anavunja kanuni, na pia anafundisha kunakili.

Zawadi za kumi bora hazina ubaya, ila kufikia wiki ya pili 58 waliobaki wanajua haziwahusu. Ongezeni ya maendeleo, kwa uangalifu. Mkilinganisha majaribio mawili tu, aliyetoka 20 hadi 40 atang'aa hata kama jaribio la pili lilikuwa rahisi, na mwenye 92 hana pa kupanda. Tumieni wastani wa majaribio matatu, na kando yake mtambue kila aliyefanya masahihisho yote kwa usahihi. Hilo liko ndani ya uwezo wa kila mmoja. Matokeo yenye nafasi, wa kwanza hadi wa 68, yabaki kwa mwalimu wa taaluma. Mwanafunzi apewe kipande chake mkononi.

Haya yote mwalimu mmoja anaweza kuyabomoa kwa kumwita mtoto kilaza mbele ya wenzake. Kwa hiyo walimu wote wanaoingia mkondo huo wakae nusu saa, wakubaliane mambo mawili tu: tunafanya nini baada ya jibu lisilo sahihi, na maneno gani hatuyatamki. Mkiandika kumi na mbili hamtayakumbuka.

Sanduku la maoni lisikae mlangoni kwa mkuu, na asiyetajwa kwenye barua ndiye ashike ufunguo. Kwa kawaida mwalimu wa ushauri nasaha anafaa. Barua zifunguliwe Ijumaa, majibu ya mambo ya jumla yatolewe mstarini Jumatatu. Tuhuma za ukatili hazisubiri Ijumaa wala hazisomwi mstarini; pia wanafunzi wajue namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo ni bure.

Wiki mbili za kwanza kelele zitaongezeka, msirudi nyuma. Wiki ya sita mwite tena mwenzako na karatasi yake. Alama zikikosekana upande mmoja, angalia wanaokaa pale. Wakiwa ni wale wanaotembea mwendo mrefu asubuhi na kushinda bila kula, dawa haiko kwenye namna ya kuuliza maswali. Hilo lipelekeni kwenye kikao cha wazazi kama ajenda ya chakula cha mchana.